Msafiri Hufika Kabla ya Saa Yake

Katika enzi za majahazi, nahodha aliyeng'oa nanga Maskati wakati wa pepo za kaskazi, akaitia tena Unguja majuma kadhaa baadaye, alikuwa amevuka nyuzi 19 hivi za longitudo kuelekea magharibi. Jua hupita nyuzi 15 kwa saa moja, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo tofauti ya saa za jua baina ya bandari hizo mbili ni kama saa moja na robo. Tofauti hiyo ikigawanywa kwa siku za safari nzima, baharia alipishana na jua kwa dakika chache tu kila siku. Mwili wake ulikuwa na nafasi tele ya kulifuata. Huenda alishuka akiwa amechoka kwa mawimbi na njaa, lakini usiku ulipoingia alisinzia, na kulipopambazuka aliamka.

Leo ndege ya jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa karibu na Ikweta huvuka nyuzi 8 katika kila saa ya kuruka. Maana yake ni kwamba kila saa moja angani hulisogeza jua la msafiri kwa dakika 32. Mwili wa binadamu, ukiachwa ujirekebishe wenyewe, huweza kusogea kwa kadiri ya saa moja au saa moja na nusu kwa siku. Yaani ndege inayoruka moja kwa moja mashariki au magharibi hufanya katika muda wa saa mbili kazi ambayo mwili huifanya kwa siku nzima. Hapo ndipo taabu inapoanza: msafiri hufika, lakini saa iliyomo mwilini mwake ingali nyuma njiani. Katika makala haya hali hiyo itaitwa mpishano wa saa.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo wasafiri wengi huyachanganya. Mtu anayeruka kutoka Nairobi hadi Johannesburg, au kutoka Dar es Salaam hadi London, hushuka akiwa na miguu iliyovimba, koo kavu na macho mazito. Huo ni uchovu wa kukaa kitini, kukosa maji na kukosa usingizi, na huisha baada ya usiku mmoja wa kulala vizuri. Tofauti ya saa kati ya Nairobi na Johannesburg ni saa moja tu, sawa na ile ya abiria wa basi anayetoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam. Hata London ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Mpishano wa saa ni jambo jingine. Humpata mtu aliyevuka saa tano, sita au zaidi, na dalili zake haziondoki kwa kulala usiku mmoja: usingizi humruka usiku wa manane, humshika katikati ya mkutano, njaa huja wakati meza imekwisha kuondolewa, tumbo hufunga au huendesha, akili huwa nzito na mtu hughadhibika kwa jambo dogo.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni udhaifu wa watu wasiozoea safari, na kwamba kijana mwenye afya hujikaza yakapita. Sayansi haikubaliani nao. Mwaka 1729 mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alitoa taarifa ya mmea wa jamii ya kifauwongo uliowekwa gizani. Majani yake yaliendelea kukunjuka wakati wa mchana na kujikunja wakati wa usiku, ingawa mmea haukuliona jua. Mwaka 1962 Mfaransa mwingine, Michel Siffre, alikaa miezi miwili chini ya ardhi katika pango la Scarasson, milimani mpakani mwa Ufaransa na Italia, bila saa wala mwanga wa mchana. Alipoambiwa tarehe 14 Septemba kwamba muda wake umekwisha, kwa hesabu yake mwenyewe siku hiyo ilikuwa 20 Agosti. Akili yake ilikuwa imepoteza karibu mwezi mzima. Hata hivyo mwili wake uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko usiopishana sana na siku ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na saa iliyokwenda bila kuulizwa.

Saa hiyo sasa inajulikana mahali ilipo. Mwaka 1972 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba ipo ndani ya ubongo, katika vifundo viwili vidogo vya chembe za neva vilivyo juu ya njia panda ya neva za macho. Chembe zote za vifundo hivyo ni kama 20,000 tu. Mahali hapo si pa bahati nasibu, kwa maana saa hii hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia kwa njia ya macho. Marekebisho hayo ni ya lazima. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima mzunguko halisi wa saa ya binadamu, wakaona kwamba wastani wake ni saa 24 na dakika 11 hivi. Bila jua, kila mmoja wetu angechelewa kidogo kidogo. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza namna jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya chembe hai, kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda. Ini, moyo na utumbo pia vina saa zao, ambazo hufuata ile ya ubongo na hufuata pia wakati wa chakula. Msafiri aliyetua karibuni ana saa nyingi mwilini, na kila moja inajirekebisha kwa mwendo wake. Si ajabu kwamba tumbo hupona siku moja na usingizi siku nyingine.

Hizo dakika 11 za ziada ndizo zinazoeleza jambo ambalo wasafiri wengi wameling'amua bila kujua sababu yake: kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Anayekwenda magharibi hurefusha siku yake, nao mwili, ambao kwa maumbile huelekea kuchelewa, humfuata bila ukaidi mwingi. Anayekwenda mashariki huudai mwili ulale kabla ya wakati wake. Huo ndio ukaidi unaomfanya mgeni wa Tokyo akodolee dari macho hadi saa tisa usiku.

Mtu anayesema Kiswahili yafaa ayaelewe haya upesi, maana lugha yake huhesabu saa kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta hesabu hiyo hailiachi jua mbali mwaka mzima. Waswahili wanaoishi Ulaya huendelea kusema saa moja asubuhi hata katika mwezi wa Desemba, wakati nje kungali na giza totoro na jua halijafikiria kutoka. Ulimi husahau jua, lakini ubongo hausahau.

Hapa ndipo lilipo suala linalostahili kusemwa wazi. Kila mwaka wizara, mashirika, vyuo na vyama vya michezo vya Afrika Mashariki huwapeleka watu mbali: wajumbe wa mikutano, wafanyabiashara, wanafunzi wa masomo ya juu, vijana wa mashindano ya hesabu na sayansi. Tiketi hukatwa, nauli hulipwa, posho huhesabiwa kwa uangalifu hadi shilingi ya mwisho. Lakini mara nyingi mno siku ya kufika hupangwa kuwa jana yake ya siku ya kazi, kana kwamba mtu ni mzigo ambao ukishashushwa huwa tayari kutumika. Huo si ubanaji wa matumizi. Ni kulipa nauli nzima kwa ajili ya nusu ya mtu.

Katika riadha jambo hili limefahamika zaidi. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa imeanza tangu tarehe 24 Januari, naye alikwisha kukimbia mita 800 katika michezo hiyo hiyo. Saa za New Zealand zilikuwa mbele ya saa za Tanzania kwa saa tisa. Fikiria pia marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa mjini Sapporo tarehe 7 Agosti 2021. Kwa sababu ya joto kali, mbio hizo zilirudishwa nyuma zikaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo mjini Nairobi ilikuwa saa sita kamili usiku. Peres Jepchirchir alishinda, na Mkenya mwenziwe Brigid Kosgei akafuata. Kesho yake wanaume walianza saa moja asubuhi, ambayo ni saa saba usiku ya Nairobi, na Eliud Kipchoge akashinda. Hakuna kocha mwenye akili timamu ambaye angemshusha mwanariadha wake Japani jana yake ya mbio za namna hiyo, akamtaka akimbie kilomita 42 katikati ya usiku wa mwili wake.

Basi kwa nini mjumbe anayekwenda kujadili mkataba wa samaki, madini au mkopo, ambao wajukuu wake watakuwa wakiulipa, atendewe kinyume cha mwanariadha? Anayeketi ng'ambo ya meza amelala nyumbani kwake. Mjumbe ameamshwa, kwa hesabu ya ubongo wake, saa tisa usiku, amewekewa karatasi za hesabu mbele yake, naye ataona aibu kusema kwamba hazimwingii. Mwanafunzi anayefanyiwa mtihani wa kuingia chuo keshoye ya kufika yumo katika hali hiyo hiyo, ila yeye hana hata mwenzake wa kumnong'oneza.

Watu wa fedha watajibu kwamba kila siku ya ziada ni hoteli na chakula, na kwamba hazina za nchi zetu si visima visivyokauka. Jibu hilo lina haki yake. Hapana budi kukubali kwamba si kila safari yaweza kuongezewa siku tatu, wala mjumbe aliyekwenda kusikiliza hotuba za ufunguzi hahitaji anasa hiyo. Lakini mahali ambapo fedha za siku hazipo, kungali na jambo lisilogharimu hata senti moja, nalo ni kuchagua saa ya kazi.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Tokyo iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita. Mkutano wa saa tatu asubuhi mjini Tokyo huukuta mwili wa mgeni katika saa tisa usiku, karibu na wakati ambapo joto la mwili hushuka chini kabisa na akili huwa nzito kuliko wakati wowote. Mkutano huo huo ukiwekwa saa tisa alasiri, mwili huwa katika saa tatu asubuhi na mtu huwa amechangamka. Guangzhou, mji unaowavuta wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki, uko mbele kwa saa tano. Kanuni ni ile ile, kwamba bei ijadiliwe alasiri, si asubuhi. New York ni kinyume. Wakati wa baridi huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saa tatu asubuhi ya huko ni saa kumi na moja jioni ya nyumbani, wakati mwili ungali na nguvu; lakini saa kumi alasiri ya huko ni saa sita usiku. Mjumbe wa Afrika Mashariki akiwa New York na aombe kikao cha asubuhi. Akiwa Tokyo na aombe cha alasiri. Ombi hilo huandikwa katika barua moja kabla ya safari, na wenyeji wachache watalikataa.

La pili lisilogharimu ni mwanga, na hapa yapo makosa yanayofanywa kwa nia njema. Wasafiri wengi huambiwa: ukifika tu, toka nje asubuhi upate jua. Ushauri huo ni mzuri mahali pengine na mbaya mahali pengine. Mwanga unaoingia machoni kabla ya ile saa ya joto la chini kabisa la mwili huichelewesha saa ya mwili. Unaoingia baada yake huiharakisha. Kwa watu wengi saa hiyo huwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu aliyetoka Nairobi na kutua Tokyo, alfajiri hiyo ya mwili huangukia saa nne hadi saa tano asubuhi ya huko. Jua la saa moja au saa mbili asubuhi siku ya kwanza litamsukuma nyuma, wakati yeye anahitaji kwenda mbele. Inampasa akae kivulini au avae miwani ya jua mpaka kiasi cha saa tano, kisha atoke nje na kuliota jua la mchana kadiri awezavyo. Siku ya pili atoke mapema zaidi kwa saa moja, na ya tatu vivyo hivyo. Aliyetua New York mambo yake ni mepesi: alasiri atembee nje, jioni akae kwenye taa, na ajizuie kulala mpaka saa tatu au saa nne usiku. Naye aliye na safari ya siku mbili tatu tu asijisumbue kuisogeza saa yake. Afadhali abaki na saa za nyumbani kadiri ratiba inavyoruhusu.

Juu ya vidonge yafaa kusema machache. Homoni iitwayo melatonini, iliyotambuliwa na Aaron Lerner na wenzake mwaka 1958, hutolewa na tezi ndogo ya ubongo giza linapoingia, na ni kama tangazo la usiku kwa mwili mzima. Majaribio yameonyesha kwamba kipimo kidogo kikimezwa karibu na wakati wa kulala wa mahali mtu alipofika huwasaidia wengi waliovuka saa tano au zaidi. Kikimezwa wakati usiofaa husinzisha na kuchelewesha marekebisho. Nchini Marekani huuzwa dukani kama vitamini. Uingereza hutolewa kwa cheti cha daktari, na ushauri wa daktari ndio unaofaa, hususan kwa mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asisafiri mbali kabla ya kupangiwa upya saa za sindano zake. Ama pombe, inayogawiwa ndani ya ndege kwa ukarimu wa kutiliwa shaka, humpa mtu usingizi wa saa mbili kisha humwamsha na kiu. Kahawa ina faida yake asubuhi, mradi isinywewe baada ya alasiri ya mahali alipo.

Mwalimu wa biolojia hahitaji ndege ili kuwaonyesha wanafunzi wake mambo haya. Kifauwongo huota ovyo kandokando ya njia katika sehemu nyingi zenye mvua. Kichimbwe pamoja na udongo wake, kitiwe mkebeni, na kifungiwe kabatini siku mbili, huku wanafunzi wakikichungulia upesi kila baada ya saa tatu, bila kukigusa, na kuandika hali ya majani. Kipimajoto cha mdomoni nacho kitaonyesha kwamba joto la mwanafunzi aamkapo ni pungufu ya lile la jioni kwa kadiri ya nusu nyuzi. Na mwanafunzi anayekesha Ijumaa na Jumamosi hadi saa nane usiku, akalala hadi mchana, amekwisha kujisafirisha kuelekea magharibi kwa saa mbili au tatu bila tiketi. Jumatatu asubuhi anatakiwa arudi mashariki kwa mkupuo mmoja, na somo la kwanza ni hesabu.

Limebaki suala la kurudi, ambalo wapangaji wa safari hulisahau kabisa, kwa kuwa kazi imekwisha na posho imekatika. Kutoka New York kuja Nairobi ni safari ya mashariki, ile ngumu. Mtu aliyekaa huko majuma mawili, akatua nyumbani saa nne asubuhi, mwili wake umo katika saa nane usiku. Jamaa wanamlaki kwa furaha, gari lake lipo pale pale kiwanjani, na Nakuru si mbali. Barabara hiyo ina malori, miteremko na ukungu, na usingizi wa saa nane usiku haumwombi dereva ruhusa. Ofisi iliyompeleka ingefanya vyema kuandika katika hati ya safari kwamba siku ya kutua haendeshi gari, na kwamba kesho yake hatakiwi kazini kabla ya saa nane mchana.